Laini ya tope imefungwa valvu pande zote mbili, presha imepanda yenyewe hadi baa 6. Gesi imetoka wapi?

#1 Zamu ya Usiku
Habari wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Mtambo wetu ni wa kusafisha majitaka. Ijumaa saa 12 jioni tulisimamisha pampu inayosukuma tope zito kwenda kwenye daijesta (kwa wasio wa fani: lile tangi kubwa lililofunikwa, tope linamong'enywa na bakteria bila hewa, juu tunavuna gesi). Tukafunga valvu ya upande wa pampu, tukafunga ya upande wa daijesta, tukapiga kufuli zote mbili, tukaondoka. Laini ni ya chuma, kipenyo milimita 150, urefu kama mita 40, imepita nje.

Jumatatu saa 12 asubuhi nakuta geji inasoma baa 6. Ijumaa iliachwa sifuri. Nikadhani sindano imekwama, nikagonga kioo kwa ukucha. Ikatikisika, ikarudi palepale. Pampu ilikuwa na kufuli yangu mwenyewe, hakuna aliyeiwasha. Nikafungua kidogo koki ya kutolea maji. Likatoka povu la kijivu, linatema, linanyamaza, linatema tena, karibu dakika nzima. Presha ilishuka taratibu, haikuanguka ghafla.

Gesi ndani ya daijesta lenyewe haizidi presha ya sentimita 30 za maji. Sasa kipande cha bomba kimeshindaje tangi zima?

#2 kobe_mtulivu
Naweka kiti hapa nisome. Baa 6 ni nyingi kiasi gani kwa sisi tusiojua?

#3 Mzee wa Valvu
Kobe, tairi la gari dogo ni baa 2 na kitu. Piga hesabu.

Mleta uzi, shukuru Mungu unaandika hapa badala ya kuandikiwa. Hiyo ni methani, hakuna muujiza. Tope halijui kwamba leo Ijumaa. Wewe ukifunga pampu umemaliza kazi, bakteria ndio kwanza wanaripoti kazini. Na daijesta lina mlango wa kutokea gesi, ndiyo maana presha yake ni ndogo. Bomba lako halina mlango.

Nimewahi kukuta kiwiko cha chuma cha kumimina kimepasuka kama chungu. Likizo ya siku 4, laini imefungwa pande zote. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa sakafuni upande wa pili wa chumba, na ukutani kuna tundu kinapolingana na kifua cha mtu. Bahati chumba kilikuwa kitupu. Tangu hapo valvu moja inabaki wazi kuelekea kwenye tangi, au laini inasukumwa na maji safi kabla ya kufungwa. Sijali ni nani msimamizi.

#4 binti_maabara
Mzee wangu shikamoo. Sheria yako naiunga mkono, sababu yako naipinga.

Methani haiji kwanza. Kwanza vipande vikubwa vya tope vinayeyushwa, halafu vinageuzwa kuwa asidi, halafu asidi hizo zinageuzwa kuwa asidi asetiki, haidrojeni na kabonidioksidi, na mwisho kabisa ndipo watengeneza methani wanakula. Hawa wa mwisho ni wazito. Wale wa asidi wanaongezeka mara mbili ndani ya saa chache, hawa wa methani wanahitaji siku. Isitoshe wanapenda pH (kipimo cha uasidi, ikishuka asidi imezidi) ya karibu 7, na tope bichi lililokaa linashuka hadi 5 na pointi. Ndani ya saa 60, kwenye baridi ya nje, bila mbegu ya watengeneza methani walio tayari? Mimi nasema ni kabonidioksidi ya uchachu, pamoja na ile inayofukuzwa kwenye baikaboneti asidi inapopanda.

#5 Kivuli Hakuna
Nyote mmekimbilia bakteria. Jamaa amesema laini ni ya chuma na iko nje. Maji yaliyofungwa ndani ya bomba gumu, bila nafasi ya hewa, yakipanda joto nyuzi 1 tu ya Selsiasi presha inapanda kama baa 4 hadi 5, hapo nimeshatoa kutanuka kwa bomba lenyewe. Nyuzi moja na nusu, baa 6 hiyo hapo. Hakuna gesi, kuna jua.

#6 Zamu ya Usiku
Kivuli, jina lako limekusaliti. Nilisoma geji saa 12 asubuhi, jua halijatoka. Ijumaa jioni tulipofunga kulikuwa na joto kuliko hapo. Kwa hesabu yako sindano ilitakiwa iwe chini ya sifuri.

#7 Kivuli Hakuna
Geji ya tope ina kiwambo na mafuta, inaweza kukwama juu ikishafika juu. Uliigonga mara moja tu.

#8 Mzee wa Valvu
Na lile povu la dakika nzima? Nalo lilikwama? Maji yaliyobanwa ukiyafungulia yanatema tone mbili, sindano inaanguka kama embe bivu. Kinachoendelea kutema dakika nzima ni gesi.

#9 kikokotoo
Jamani tuweke namba kabla hamjagombana.

Bomba la 150 kwa mita 40 linabeba kama lita 700. Tuseme limejaa tope, hakuna hewa. Gesi ikizaliwa mle kwanza inayeyuka kwenye maji, presha ni matokeo. Kwa hiyo swali ni gesi ipi inayeyuka kidogo, maana hiyo ndiyo inayopandisha sindano haraka.

Kwa nyuzi 25, lita moja ya maji kwa kila baa moja inameza methani mililita 33 hivi. Kabonidioksidi inameza mililita 800 na zaidi. Kwa hiyo ili ufike baa 6, methani inatosha lita 140 kwa laini nzima. Kabonidioksidi unahitaji karibu lita 3,500. Binti, hizo 3,500 ni kama gramu 9 kwa kila lita ya tope. Kwa saa 60 za baridi nazitilia shaka.

Lita 140 za methani zinahitaji chini ya asilimia 1 ya chakula kilichomo kwenye tope lenye asilimia 5 ya vitu vikavu. Yaani bakteria hawajala hata tonge.

#10 Mzee wa Valvu
Kongole kikokotoo. Nimekaa naangalia dari tu.

#11 binti_maabara
Mzee usiangalie dari bado. Kikokotoo ameruka gesi moja. Haidrojeni inayeyuka kidogo kuliko hata methani, kama mililita 19. Lita 80 zinatosha kwa baa 6. Na haidrojeni inatolewa na haohao wa asidi, wale wenye haraka. Kwenye daijesta linalofanya kazi huioni kwa sababu inaliwa papo hapo na watengeneza methani. Kwenye tope bichi ambako walaji hawapo, inaenda wapi?

#12 kikokotoo
Hiyo nimeipenda. Ila haidrojeni ikirundikana yenyewe inawafunga breki wanaoitoa. Sijui kama inafika mbali hivyo.

#13 kisima_kirefu
Mmesahau naitrojeni. Kwenye matangi ya kutulizia, tope likikaa muda mrefu linaibuka juu kama mkeka, na ukilichukua kwa kijiko unaona vibofu vidogo vimeshikamana nalo. Si methani ile. Bakteria wakikosa oksijeni wanapumua naitreti na kutoa gesi ya naitrojeni, kazi ya saa mbili tatu tu. Naitrojeni haiyeyuki kirahisi, sindano lazima ipande.

Mleta uzi, tope lako ni la awali tupu (linalotua lenyewe mwanzoni mwa mtambo) au limechanganywa na tope hai (la bakteria wa matangi ya hewa)?

#14 Zamu ya Usiku
Limechanganywa, kwa kukadiria nusu kwa nusu.

Nilisahau jambo. Nilipofungua koki nilikuwa na kigunduzi cha gesi kifuani. Upande wa gesi za kulipuka kilipanda hadi asilimia 40 ya kiwango cha chini cha kulipuka. Upande wa haidrojeni salfaidi (ile gesi ya mayai viza) kilipiga kelele, niliona sehemu 80 kwa milioni nikarudi nyuma. Harufu nilisikia mwanzoni tu, baadaye ikapotea nikajua imepungua.

#15 binti_maabara
HAIJAPUNGUA. Pua yako ndiyo iliyopungua. Mayai viza unayasikia hata chini ya sehemu 1 kwa milioni. Ikikaribia 100 mshipa wa kunusa unalala, unadhani hewa safi. Kuanzia 500 na kuendelea mtu anaanguka, ikikaribia 1,000 ni pumzi chache. Kaka, umefungua koki ya baa 6 na uso mtupu?

Kisima, nimefanya hesabu yako. Naitreti ya miligramu 20 kwa lita (ikihesabiwa kama naitrojeni), ikiisha yote, inatoa gesi mililita 17 hivi kwa lita. Hiyo ni kama baa 1. Mchango upo, lakini baa 5 nyingine zimetoka kwingine.

#16 Mzee wa Valvu
Kigunduzi kimesema asilimia 40. Methani. Tufunge uzi?

#17 fundi_sensa
Usifunge mzee. Kile kijisehemu cha gesi za kulipuka kinachoma gesi juu ya waya wenye kichocheo na kupima joto. Hakijui jina la kilichochomwa. Haidrojeni kinaisoma, methani kinaisoma, zote kinaandika asilimia tu. Kabonidioksidi hakiioni kabisa. Na kinahitaji oksijeni ili kiunguze. Ukikichomeka ndani ya gesi tupu kinaweza kusoma chini ukadhani pako salama. Silikoni na salfaidi nazo zinakiua polepole. Vingi ninavyoletewa mezani ni maiti, vinawaka taa tu.

Kwa hiyo 40 inathibitisha kitu kimoja: si kabonidioksidi peke yake, wala si naitrojeni peke yake.

#18 Mgeni Mwema
Mimi nilifundishwa gesi ya majitaka ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo ukisimama juu ya shimo uko salama. Koki ilikuwa juu au chini?

#19 binti_maabara
Mgeni, karibu, ila hiyo ifute kichwani leo. Methani peke yake ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa hewa. Haidrojeni salfaidi ni nzito kidogo kuliko hewa. Bayogasi ya kawaida, methani asilimia 60 na kabonidioksidi 40, ina uzito unaokaribiana na hewa yenyewe, kwa hiyo inakwenda inakopelekwa. Juu ya shimo unaweza kuvuta, chini ya shimo unaweza kuvuta.

#20 kisima_kirefu
Naongezea kwa Mgeni. Mwenzetu alianguka kwenye shimo la pampu, wa pili akaruka kumfuata, naye akalala. Wa tatu tulimshika mkanda wa suruali. Tulipuliza hewa kwanza na blowa, wakatolewa kwa kamba, wote wawili wako hai. Yule wa tatu mpaka leo ananilaumu kwa suruali.

#21 Chupa Imelia
Mada nzuri. Mimi nilichukua sampuli ya tope, chupa ya plastiki ya lita moja, nikaijaza hadi mdomoni na kukaza kifuniko kwa nguvu zote kwa sababu sikutaka imwagike kwenye gari. Nikapata dharura, nikaiacha kwenye buti siku mbili. Kitako kilikuwa kimevimba mpaka chupa haisimami. Nikafungua hukohuko kwenye buti, na mengine mnaweza kujaza wenyewe. Gari nililiuza.

Siku hizi najaza robo tatu, kifuniko legevu, barafu.

#22 kobe_mtulivu
Chupa umeniua 😂 Uliyemuuzia ulimwambia?

#23 Chupa Imelia
Nilimwambia lina harufu ya upya.

#24 mwanahistoria_wa_bomba
Kwa wanaoona kuvuna hii gesi ni mambo ya juzi: mji wa Exeter, Uingereza, taa za barabarani ziliwashwa kwa gesi ya tangi la majitaka tangu 1895. Na aliyegundua methani ni Pasteur, kule ziwani.

#25 kikokotoo
Exeter sawa. Pasteur hapana. Ni Alessandro Volta, mwaka 1776, Ziwa Maggiore, alichokoa matope kwa fimbo akakusanya mapovu na kuyawasha. Pasteur alikuwa hajazaliwa.

#26 mwanahistoria_wa_bomba
Nimesahihishwa, ahsante.

#27 mtu_wa_daijesta
Nimesoma yote. Swali moja tu kwa mleta uzi, na jibu kweli. Ile valvu ya upande wa daijesta inashika? Na kabla ya Ijumaa, hiyo laini ilipitisha kitu kingine chochote tofauti na tope bichi?

Nauliza kwa sababu kina cha tangi la mita 10 kinasukuma baa 1 tu, hakiwezi kukupa 6. Lakini tope lililomong'enywa likirudi nyuma kidogo, hilo ni mbegu. Limejaa watengeneza methani tayari, pH yake ni 7 na kitu, na lina nyuzi 35 na zaidi. Hoja ya "wanahitaji siku" inakufa hapo.

#28 Zamu ya Usiku
Duh. Alhamisi laini iliziba mafuta. Tulisukuma tope la moto kutoka daijesta, kinyumenyume, kama saa moja kuyeyusha. Ijumaa tukarudisha tope bichi kwa dakika 20 hivi, halafu ndiyo tukafunga.

#29 Mzee wa Valvu
Ukiona vyaelea, vimeundwa.

#30 binti_maabara
Hapo nalegeza msimamo, siuachi. Dakika 20 za pampu zingetosha kusukuma nje lita 700 mara kadhaa. Kilichobaki ni utando ukutani.

#31 mtu_wa_daijesta
Utando ndio penyewe. Mafuta yameshika ukutani, bakteria wameshika kwenye mafuta, na asilimia 1 tu ya chakula ndiyo inayohitajika, kikokotoo kasema.

#32 sina_hakika
Samahani, nje ya mada kidogo. Bomba langu baada ya daijesta linajaa fuwele nyeupe ngumu kama jiwe, kwenye viwiko hasa. Ni gesi pia?

#33 kikokotoo
Kwa mbali ni gesi. Hiyo ni struvaiti: magnesi, amonia na fosfeti. Tope likitoka daijesta presha ikishuka kabonidioksidi inaruka, pH inapanda, fuwele zinakaa pale maji yanapovurugika, yaani viwiko na pampu. Asidi dhaifu inaiyeyusha, na wengine wanaweka feriki kloraidi (chumvi ya chuma) mapema ili ikamate fosfeti, inakamata na salfaidi humohumo. Fungua uzi wako tukufuate.

#34 fundi_sensa
Turudi kwenye presha, nimekumbuka jambo. Valvu za aina ya mpira wa chuma unaozunguka: zikifungwa, ule mpira unabaki na tope tumboni, limefungwa pande zote. Nililetewa moja iliyokaa stoo wiki kadhaa ikiwa imefungwa. Nikaizungusha kwa spana, ikanipiga shuti la tope kwenye miwani. Kikombe kimoja tu cha tope kile. Tangu hapo nazigeuzia ukutani.

#35 Zamu ya Usiku
MREJESHO. Wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya.

Mwisho wa wiki wa kwanza tulisukuma laini kwa maji safi, tukajaza maji, tukafunga pande zote. Geji mpya. Jumamosi saa 9 alasiri: baa 4. Jumapili alfajiri: nusu baa. Jumatatu alfajiri: nusu baa.

Mwisho wa wiki wa pili tulijaza tope bichi tupu, daijesta halikuhusika kabisa. Safari hii kuna valvu ya usalama ya baa 3, inamwaga kurudi kwenye tangi la tope zito. Jumapili alfajiri: baa 1 na nusu. Jumatatu alfajiri: baa 3, na valvu inakohoa. pH ya tope lililotoka 5.4.

#36 Kivuli Hakuna
Baa 4 za maji safi saa 9 alasiri. Mnisome tena #5. Na ingekuwa imejaa kabisa bila kihewa chochote ingepita hapo mbali.

#37 Mzee wa Valvu
Jua lako limelala usiku, kijana. Tope halikulala.

#38 binti_maabara
5.4! Watengeneza methani kwenye 5.4 wanakuwa wagonjwa. Na daijesta halikuhusika. Haidrojeni na kabonidioksidi hizo.

#39 mtu_wa_daijesta
5.4 ni ya tope la katikati ya bomba. Ukutani kwenye mafuta hujapima. Laini hiyo imewahi kuonja tope la daijesta, maji safi hayasafishi mafuta. Sampuli ya gesi mlichukua?

#40 Zamu ya Usiku
Tulichukua. Mfuko ulifika maabara umenywea kama puto la juzi.

#41 kobe_mtulivu
Kurasa tatu nimekaa na kiti changu, mfuko umevuja 😂

#42 binti_maabara
Chukua tena, alfajiri kabla ya jua ili Kivuli asipate pa kushika. Simama upande upepo unakotoka, barakoa ya gesi usoni, na usijaze mfuko kutoka kwenye koki ya chini, utajaza povu.

#43 Zamu ya Usiku
Sawa dada. Zamu yangu inaanza Jumapili usiku. Mfuko wa pili ninao hapa, nimeupuliza na kuuzamisha ndooni tangu mchana, bado hautoi mapovu.